Usiku, ufunguo wa mlango wa chuma ukae wapi: kwenye kufuli au mbali na mlango?

#1 Kandili
Wanajukwaa, habari zenu. Nina swali lililoninyima usingizi kwa wiki nzima, nami naomba mwenye ujuzi, au aliyewahi kupatwa na jambo kama hili, anisaidie kufikiri.

Nyumba yangu ina mlango wa mbao, na mbele yake upo mlango wa chuma unaofungwa kwa kufuli kwa ndani. Madirisha yote yana nondo zilizochomelewa. Miaka miwili iliyopita wezi walituingilia usiku, na tangu hapo nimekuwa nikifunga kufuli mwenyewe na kulalia funguo chini ya godoro.

Juma lililopita soketi ya sebuleni iliungua usiku wa manane. Swichi kuu ilijikata, nyumba ikawa giza totoro, na moshi wenye harufu ya plastiki ukajaa ukumbini. Nilishika pete ya funguo nne ambazo ukubwa wake unakaribiana. Wa kwanza haukuingia, wa pili uliingia nusu ukakwama, wa tatu niliuingiza kichwa chini, kisha pete nzima ikanianguka nami nikaanza kupapasa sakafuni. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu na mtoto mdogo kifuani, akikohoa, wala hakusema neno. Hatimaye tulitoka, na moto ule haukupita soketi na kipande cha pazia. Najua hata hivyo kwamba kama sofa ingeshika, hadithi ingekuwa nyingine.

Sasa, ufunguo ukae wapi usiku? Nikiuacha kwenye kufuli namwogopa mwizi, na nikiuficha nauogopa moto.

#2 Jirani Mwema
Poleni sana, na tunashukuru kwamba mmetoka salama. Jibu langu ni fupi: uache kwenye kufuli. Mwizi huchukua mali, na mali hutafutwa tena.

#3 FundiKufuli
Naomba nitofautiane kidogo na Jirani Mwema, kwa sababu kazi yangu ya kila siku ni vitasa na makufuli, na nimeona mara nyingi jinsi milango inavyofunguliwa na wasiohusika. Mlango wa chuma ulio wazi kama kimia, yaani wa nondo na si wa bati, humruhusu mtu wa nje kupitisha mkono. Akikuta ufunguo unaning'inia ndani ya kufuli, hahitaji kuvunja chochote. Ni hivyo hivyo kwa mlango wa mbao wenye kioo pembeni: kioo kinavunjwa, mkono unaingia, ufunguo unazungushwa.

Tena kuna jambo watu hulisahau. Vitasa vingi vya silinda vyenye tundu pande zote mbili haviwezi kufunguliwa kwa nje iwapo upande wa ndani kumeachwa ufunguo. Ndugu au jirani mwenye ufunguo wa akiba atafika mbio kuwasaidia, na ufunguo wake hautaingia.

Kanuni ninayowapa wateja ni kwamba ufunguo uwe mbali kuliko urefu wa mkono wa mtu aliye nje, lakini uwe kwenye njia ile ile mtakayopita mkitoka. Ufunguo wa mlango wa kutokea uwe peke yake, usichanganywe na mwingine. Kandili, hizo funguo nne kwenye pete moja ndizo zilizokuchelewesha kuliko giza.

#4 Zamu ya Usiku
Nimefanya kazi ya uzimamoto kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na suala hili naliona kwa jicho la muda. Wengi hudhani kwamba moto wa nyumbani hukua polepole kama kuni za jikoni. Haikuwa mbali na ukweli zamani, samani zilipokuwa za mbao ngumu, pamba na sufu. Leo sofa na magodoro ni ya sponji inayotokana na mafuta ya petroli, nayo huwaka kwa kasi ya kutisha. Katika jaribio moja la taasisi ya UL ya Marekani, sebule yenye samani za kisasa ililipuka yote kwa moto chini ya dakika 4, na ile yenye samani za zamani ilichukua karibu dakika 29. Hizo dakika 4 huanza kuhesabika kabla hujaamka.

Na si ndimi za moto zinazoua wengi, ni moshi. Moshi wa moto hupanda darini, hujikusanya, kisha hushuka kama pazia, na hewa inayovutika hubaki karibu na sakafu. Mtu aliyesimama wima akihangaika na kufuli huwa amekiweka kichwa chake mahali pabaya kuliko pote.

Kuhusu kufunga milango kwa hofu ya wizi, mfano mkubwa ni kiwanda cha nguo cha Triangle kule New York mwaka 1912, ambako wafanyakazi zaidi ya 140 walikufa, na mlango mmoja wa ngazi ulikuwa umefungwa kwa ufunguo.

#5 Kurasa za Kale
Zamu ya Usiku, nakushukuru kwa maelezo ya moshi, ila naomba kurekebisha tarehe. Moto wa Triangle ulitokea tarehe 25 Machi 1911, na waliokufa walikuwa 146, wengi wao wasichana na wanawake wahamiaji. Mlango uliofungwa ulikuwa wa ghorofa ya 9. Wenye kiwanda walitaka wafanyakazi watokee upande mmoja tu ili mikoba yao ikaguliwe wasiibe kitambaa. Walishtakiwa, na mwezi Desemba mwaka ule ule wakaachiwa huru. Kila ninaposoma habari hiyo ninakwama hapo, kwenye kipande cha kitambaa kilichopimwa uzito na uhai wa watu.

Hayo hayakuishia karne iliyopita. Tarehe 1 Agosti 2004, jijini Asunción nchini Paraguay, duka kubwa la Ycuá Bolaños liliungua na kuua zaidi ya watu 300. Walionusurika walieleza kwamba milango ilifungwa moto ukiendelea ili wateja wasitoke na bidhaa bila kulipa. Swali la Kandili, kwa hiyo, ni la zamani na limewashinda watu wenye majengo makubwa kuliko nyumba yake.

#6 Tone la Maji
Mifano hiyo inaumiza, lakini tusiipuuze hofu ya Kandili. Kiwanda na duka ni mahali pa watu mamia, tena aliyefunga mlango si aliyekuwa hatarini. Nyumbani anayefunga ndiye anayelala ndani. Kaka yangu aliacha ufunguo kwenye kitasa kwa sababu hiyo hiyo ya moto, na wezi waliingiza mkono kwenye dirisha dogo la pembeni wakafungua kama wenyeji. Hawakuchukua mali pekee, walimjeruhi kichwani. Jirani Mwema, mwizi hachukui mali peke yake. Nimesikitika kidogo kusoma sentensi yako.

#7 Jirani Mwema
Tone la Maji, umesema kweli, na namwombea kaka yako afya. Niliandika haraka. Hata hivyo bado naamini kwamba mwizi unaweza kumpigia kelele au kujadiliana naye, ila moshi hausikii.

#8 Kandili
Asanteni nyote. FundiKufuli, nimeutoa ufunguo ule kwenye pete tangu jana. Nina swali la pili. Mke wangu amesoma mahali kwamba milango ya vyumba vya kulala ifungwe usiku. Mimi nimekuwa nikiiacha wazi ili nimsikie mtoto akilia, na pia nisikie mtu akitembea ukumbini. Ipi ni sahihi?

#9 Zamu ya Usiku
Ifungwe. Nimekubali sahihisho la #5, na ninakushukuru, Kurasa za Kale. Sasa kwa Kandili: majaribio ya taasisi hiyo hiyo niliyoitaja yalionyesha kwamba moto ukiwa nje ya chumba, chumba kilichofungwa mlango kinaweza kubaki kwenye nyuzi 38 hivi za Selsiasi, wakati chumba kilichoachwa wazi kinapita nyuzi 500. Mlango wa kawaida kabisa wa mbao huzuia moshi na hunyima moto hewa. Nimeingia kwenye nyumba zilizoungua nikakuta ukumbi mweusi kama masizi ya chungu, na nyuma ya mlango uliofungwa shuka bado ni nyeupe.

#10 Mizani
Ninaheshimu uzoefu wa Zamu ya Usiku, lakini jibu la neno moja halitoshi hapa. Mlango ukifungwa, king'ora cha moshi kilichopo ukumbini husikika kwa shida chumbani, hasa kwa watoto. Majaribio kadhaa yamewahi kuonyesha kwamba watoto wengi huendelea kulala king'ora kikilia juu ya vichwa vyao, na kwamba sauti ya mtu anayewaita huwaamsha vizuri zaidi kuliko mlio mwembamba. Ukifunga mlango bila king'ora ndani ya kila chumba, tena vilivyounganishwa ili kimoja kikilia vyote vilie, umepata ngao na umepoteza mlinzi.

Na tukumbuke kwamba chumba kilichofungwa chenye dirisha la nondo ni mahali pa kusubiri msaada. Hakina njia ya kutokea. Ni nani atakayekuja, na baada ya muda gani?

#11 Nyota ya Asubuhi
Samahani kwa kuingilia. Kwa nini tuhitaji king'ora ilhali harufu ya moshi inatosha kumwamsha mtu? Mimi harufu ya kiberiti tu hunishtua.

#12 Mganga wa Zamu
Nyota ya Asubuhi, unashtuka ukiwa macho. Mtu akiwa usingizini, pua yake haimwamshi kwa uhakika kama masikio yanavyomwamsha. Hiyo ni sababu moja. Ya pili ni hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi, nayo hujishika kwenye damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Anayeivuta akiwa amelala huzidi kulala. Ya tatu ni sumu ya sianidi inayotoka kwenye sponji na plastiki zinazoungua.

Mimi huona kaboni monoksaidi ndiyo inayowazuia wengi kuamka. Mwenzangu mmoja kazini anashikilia kwamba wengi huamka, ila hupotezwa na moshi wakiwa njiani, akili zikiwa zimeshavurugika. Ndiyo maana hukutwa karibu na milango. Tumebishana kwa miaka na hatujamaliza.

#13 Kandili
Mganga wa Zamu, maneno yako ya "karibu na milango" nimeyasoma mara tatu. Mimi mwenyewe nilijiona mzima kabisa usiku ule, lakini ufunguo ninaoutumia kila siku niliuingiza kichwa chini.

#14 Mizani
Hiyo inaweza kuwa giza na hofu tu, Kandili, si lazima iwe sumu. Mikono ya mtu mwenye hofu husahau hata kufunga kifungo.

#15 Upepo wa Kusi
Nikiongezea kuhusu ving'ora: kile cha gesi kifungwe juu karibu na dari, kwa kuwa gesi ni hewa na hewa hupanda.

#16 Zamu ya Usiku
Hapana, ndugu yangu, na kosa hili ni la hatari, kwa hiyo naomba usomwe mstari huu kabla ya kwenda kutoboa ukuta. Gesi ya mitungi, yaani propani na butani, ni nzito kuliko hewa. Propani kwa mara moja na nusu hivi, butani kwa karibu mara mbili. Ikivuja hulala sakafuni na kujificha kwenye mashimo na chini ya makabati. King'ora chake hukaa chini. Gesi asilia ya mabomba ndiyo nyepesi, na king'ora chake hukaa juu. Kaboni monoksaidi ina uzito unaokaribia wa hewa yenyewe, kwa hiyo fuata maelekezo ya kifaa. Na ukisikia harufu ya gesi usiwashe taa wala usiizime. Funga valvu ukiweza kuifikia, fungua madirisha, toka.

#17 Upepo wa Kusi
Nimeelewa, na nimeshakihamisha. Asante.

#18 FundiKufuli
Turudi mlangoni. Mizani amegusa nondo, na mimi naona hapo ndipo penye suluhisho. Zipo nondo zenye bawaba, zinazofungwa kwa komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo. Angalau dirisha moja katika kila chumba cha kulala liwe hivyo. Mlango wa chuma nao unaweza kuwekewa kitasa ambacho kwa nje kinahitaji ufunguo na kwa ndani kina kishikizo cha kuzungusha, kisha pembeni mwa kitasa ukachomelea bati ili mkono wa nje usikifikie.

Wazo hilo lina historia. Baada ya ukumbi wa michezo wa Iroquois kuungua Chicago tarehe 30 Desemba 1903 na kuua watu wapatao 600, mtu mmoja aitwaye Carl Prinzler, aliyekuwa amepanga kuwapo siku hiyo na akakosa kwenda, alishughulika na wenzake hadi wakatoa, mwaka 1908, mlango unaofunguka kwa kusukuma fito ya chuma kwa ndani huku kwa nje umefungwa. Milango ya kumbi na shule hutumia fito hiyo mpaka leo. Mtu haulizwi ufunguo anapokimbia.

#19 Tone la Maji
FundiKufuli, umetueleza vizuri mpaka nikahisi unatuuzia kitasa! Nakutania, na ninakuheshimu. Ila bado nina shaka: kishikizo cha kuzungusha kinamfaa pia mwizi aliyekwisha kuingia kwa dirishani, maana atatoka na televisheni kwa mlango bila kuhangaika.

#20 FundiKufuli
Utani nimeupokea. Na hilo ni kweli, sitalikataa. Kitasa hicho humzuia mwizi kuingia, hakimzuii kutoka. Kwangu mimi, mwizi aliyekwisha kuingia ningependa atoke upesi.

#21 Mto na Mafuriko
Nawasoma kwa makini. Kwetu sisi tunaoogopa tetemeko la ardhi kuna ushauri mwingine unaopingana na ule wa Zamu ya Usiku. Wajapani hufundishwa kufungua mlango mapema tetemeko linapotokea, mara tu inapowezekana, kwa sababu nyumba ikipinda fremu huubana mlango na hakuna ufunguo utakaoufungua. Nao ni watu wanaoujua moto unaofuata tetemeko: lile la Kanto la tarehe 1 Septemba 1923 lilitokea saa sita kasoro dakika mbili za mchana, watu wakiwa wamewasha majiko, na kati ya waliokufa, wapatao 105,000, wengi waliuawa na moto.

#22 Zamu ya Usiku
Sioni mgongano. Wakati wa kulala mlango wa chumba ufungwe bila kutiwa ufunguo. Ardhi ikitikisika, ufunguliwe.

#23 Mizani
Ukiwa umeamka, ndiyo.

#24 Kandili
Ndugu zangu, nimefanya jaribio na nimeona niwaletee matokeo. Jana usiku nilizima umeme wote na kuwaamsha watu wa nyumbani. Funguo zikiwa chini ya godoro kama zamani, tulitumia dakika 1 na sekunde 52 mpaka wa mwisho kukanyaga nje. Kisha nilitundika ufunguo mmoja peke yake kwenye msumari ukutani, kati ya mlango wa chumba chetu na mlango wa nje, nje ya upeo wa mkono. Tulitumia sekunde 38. Nilifurahi kama mtoto.

Halafu nikakumbuka bandiko la #4, nikasema turudie kwa kutambaa. Hapo mambo yakaharibika. Msumari niliupigilia usawa wa macho yangu, na mimi nilikuwa nimelala tumbo. Ili niufikie ufunguo ilinibidi nisimame, nikiingiza kichwa mahali ambapo moshi ungekuwa mzito. Binti yetu wa miaka saba hakuufikia kabisa, hata alipojinyoosha kwa vidole vya miguu.

#25 Zamu ya Usiku
Kandili, umefanya jambo ambalo wengi huahirisha maisha yao yote. Shusha msumari hadi usawa wa goti. Ufundishe mkono wako na wa binti kuufikia macho yakiwa yamefumbwa, huku bega likigusa ukuta muda wote. Na mkubaliane mahali pamoja pa kukutania nje, ili asirudi mtu ndani kumtafuta aliyekwisha kutoka.

#26 Tone la Maji
Usawa wa goti ni usawa wa mtoto mdogo pia. Ufunguo utachezewa mchana, na usiku mtaukuta msumari mtupu. Mimi mwanangu alizika ufunguo kwenye chungu cha maua, tukaupata baada ya siku tisa.

#27 Jirani Mwema
Basi utundikwe hapo usiku tu, kwa zamu, na anayefunga mlango ndiye autundike.

#28 Mizani
Jambo linalotegemea mtu kukumbuka kila usiku litasahauliwa usiku ule ule litakapohitajika. Niko upande wa FundiKufuli: ondoeni ufunguo kabisa, wekeni kishikizo na bati.

#29 Kandili
Kitasa cha namna hiyo nimekiagiza, lakini mchomeleaji atakuja wiki ijayo. Mpaka hapo nimefuata #25 na #27. Msumari uko usawa wa goti, ufunguo unatundikwa tukienda kulala, na binti ameufungua mlango gizani kwa jaribio la pili, macho yakiwa yamefungwa kwa kitambaa. Alipofaulu aliomba arudie mara ya tatu.

#30 FundiKufuli
Mpongeze kwa niaba yangu. Kabla hujalala leo, toka nje ufunge mlango, kisha upitishe fimbo ndefu yenye ndoano ya waya katikati ya nondo, ujaribu kuufikia ule msumari. Wezi wengine huja na fimbo, hawategemei mkono.

#31 Kandili
Nimetoka kujaribu sasa hivi kwa mpini wa fagio na kipande cha waya. Fimbo imefika. Ufunguo niliuvuta mpaka mlangoni kwa jaribio la kwanza.